Ramani ya Kijito cha Mierebi

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika kwenye lango la ranchi, Idoya Arrien alikuwa na kazi tatu: kuwamwagia kuku chakula, kuwatupia farasi nyasi kavu, na kumtafuta mdogo wake Mikel ili aje kula. Kazi ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Mikel alikuwa na miaka mitano, na tangu baba yao ajenge zizi jipya la ndama kando ya Kijito cha Mierebi, mtoto huyo alikuwa kama amehamia huko.

Mwaka ule, 1988, mvua ilikuwa imewasahau kabisa watu wa nyanda za juu za Oregon. Theluji ya mlimani ilikuwa haba, na ilipofika Mei bwawa la kunyweshea mifugo lilibaki tope lililopasukapasuka. Bwana Martin Arrien, baba yake Idoya, alikodi mashine akachimba kisima kisicho kirefu kwenye uwanda ulio karibu na kijito. Maji yalipotoka alifurahi hata akarusha kofia yake juu. Akafunga pampu, akaweka birika refu la kunyweshea, akazungusha uzio wa mbao, kisha akawahamishia ndama wote hapo.

"Mikel! We Mikel! Uji unapoa!" Idoya aliita asubuhi moja huku akishuka mteremko.

Hakujibiwa. Alimkuta mdogo wake amesimama kimya ndani ya zizi, nguo imelowa kifuani kwa maji ya pampu.

"Wamelala," Mikel alisema akionyesha kidole. "Nimewaamsha, hawataki."

Idoya alisogea akatazama. Ndama wawili walikuwa wamelala ubavu, macho wazi, nzi wakitembea juu yake. Wa tatu alikuwa akiyumba kama mlevi, ute ukimtoka mdomoni. Alipiga hatua mbili, akapiga magoti, akaanguka karibu kabisa na miguu ya Mikel. Idoya alimnyanyua mdogo wake kwapani, akapanda naye mteremko mbio huku akipiga mayowe ya kumwita baba.

Daktari wa mifugo, Dokta Fenn, alifika kabla ya adhuhuri. Aliwapima waliokufa na waliokuwa hai, akasimama akijifuta mikono.

"Martin, hii si homa," alisema. "Ndama hawa wamekula sumu, au wameinywa. Nitapeleka vipimo maabara, ila majibu yatachelewa. Wewe chunguza kila kitu kwa sasa. Chakula, chumvi ya kulamba, maji."

"Maji?" Bwana Arrien alicheka kwa uchungu. "Kisima nimekichimba mwenyewe. Tazama yalivyo safi! Hapana, daktari. Sumu hii imeletwa na mkono wa mtu, na mtu mwenyewe namjua. Juzi nilimwona Orval Stroud pale uzioni. Pikapu yake ilisimama muda mrefu. Alikuwa akifanya nini kwenye uzio wangu?"

Mzee Stroud alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya uzio. Miaka miwili nyuma alikuwa amegombana na Bwana Arrien kwa sababu ya mpaka, na tangu hapo salamu zao zilikuwa za kuinua kidevu tu.

"Usiseme jambo usilolijua," Dokta Fenn alimwonya.

Lakini maneno hayo yalikuwa maji juu ya jani. Jioni ile Bwana Arrien aliendesha gari hadi kwa Mzee Stroud, akasimama langoni na kumwita muuaji wa mifugo mbele ya watu wa nyumbani kwake. Aliporudi alifunga lango la zizi kwa kufuli, akakaa pale na bunduki akilinda. Ndama wakaendelea kunywa maji yaleyale. Siku mbili baadaye wengine wawili wakafa, na hakuna mtu aliyekuwa amepita langoni.

"Na ninyi," aliwaambia watoto wake mezani, "sitaki kuwaona na mtu yeyote wa nyumba ile."

Jambo hilo lilikuwa zito kwa Idoya. Lorna, mjukuu wa Mzee Stroud, ndiye aliyekuwa akikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Hata hivyo, kila alipowakumbuka ndama wale, moyo wake ulizidi kuwa mgumu.

Asubuhi iliyofuata Mikel aliamka akilalamika tumbo, akatapika. Mama yao, aliyefanya kazi posta mjini, alimgusa paji la uso.

"Amekula jemu nyingi jana," alisema. Alimpa chai ya mnanaa, akamwacha kwa bibi yao, Bibi Kattalin, akawahi kazini.

Idoya alifika shuleni akiwa na hasira yake yote. Lorna alimsogezea kiti kama kawaida.

"Sikai na wewe," Idoya alisema kwa sauti ya kusikika.

"Kisa?"

"Kisa unakijua. Kamuulize babu yako ananunua wapi ile sumu yake."

Mvulana mmoja aliyeitwa Dwight alipiga mluzi na kusema, "Loo! Leo kuna moto!"

Lorna aliiva uso. "Babu yangu hajaua hata sungura anayekula kabeji zetu! Chunga mdomo wako, Idoya."

"Mjukuu wa mtia sumu we! Usinisogelee mimi wala chakula changu."

Wanafunzi wachache walicheka. Lorna aligeuza uso dirishani, na mabega yake yakawa yanatetemeka.

Mwalimu Pruett aliingia wakati huohuo akiwa amekumbatia karatasi kubwa zilizokunjwa. Aliwatazama mmoja mmoja, lakini hakuuliza kulikoni. Alitandaza karatasi moja juu ya meza. Ilikuwa ya manjano kwa uzee, imejaa mistari ya kahawia iliyopindapinda.

"Hii ni ramani ya eneo letu lilivyokuwa mwaka 1936," alisema. "Niliikuta darini kwa marehemu shangazi yangu. Leo mtaisoma mkiilinganisha na ramani mpya, mniambie nini kimebadilika. Idoya na Lorna, ninyi anzeni na Kijito cha Mierebi. Mnaishi hukohuko."

"Mwalimu, siwezi kufanya na huyu," Idoya alisema.

"Sikuuliza kama unaweza. Kaeni."

Walikaa kwenye meza ndogo nyuma ya darasa, kila mmoja akiwa ameegemea upande wake. Idoya alipitisha kidole haraka juu ya ramani ya zamani.

"Hakuna kilichobadilika," alisema. "Kijito kipo, mlima upo. Tumemaliza."

"Hujasoma, umepapasa tu," Lorna alijibu kwa ubaridi. "Hata nyumba yenu hujaipata."

"Haya, mtaalamu. Ionyeshe."

Lorna aliinama. Alisoma kwanza vielelezo vilivyochapwa pembeni, kisha akafuata mstari wa buluu wa kijito mpaka mahali kinapojikunja kama kiwiko cha mkono.

"Hapa mistari ya kahawia imebanana, maana yake ni mwinuko mkali. Huu ni ule mteremko wa nyuma ya nyumba yenu," alisema. "Hapa inaachana. Maana yake ni tambarare. Huo ni uwanda wa chini. Na hapa katikati..." Alinyamaza. Akachukua kioo cha kukuzia mezani, akakileta karibu zaidi. "Idoya, hapa pana nini kwenu?"

Idoya alitazama. Katikati ya uwanda palikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama punje ya mchele. Kando yake yalichapwa maneno madogo sana: Josho la Kondoo.

"Hapo hapana josho. Sisi hatujawahi kufuga kondoo," Idoya alisema. "Hapo pana zizi letu jipya."

"Una hakika?"

"Mwongo wewe! Unataka tu kumtetea babu yako."

Lorna alichukua uzi, akaulaza kutoka kwenye ule mteremko wa nyuma ya nyumba hadi kwenye kisanduku, akaupima kwenye kipimio cha chini ya ramani. Kisha akausogeza kwa Idoya. "Pima mwenyewe."

Idoya alipima. Umbali ulikuwa robo maili. Alijua umbali huo kwa miguu yake, kwa kuwa kila asubuhi aliutembea akimtafuta Mikel. Alipima tena, safari hii polepole, huku akiomba moyoni uzi uangukie mahali pengine. Ukaangukia palepale.

"Mwalimu," Lorna aliita, "zamani kondoo waliogeshwa kwa dawa gani?"

Mwalimu Pruett alikuja akitabasamu. Alipoona mahali walipoweka kidole, tabasamu likakauka.

"Waliogeshwa kwa ajili ya upele," alisema taratibu. "Dawa yenyewe ilikuwa aseniki. Ni sumu kali, na haiozi. Ikimwagwa ardhini hukaa humo miaka na miaka. Kwa nini? Hapa pana nini siku hizi?"

Mbele ya macho yake Idoya hakuwaona tena ndama. Aliona nguo iliyolowa kifuani. Mikel alikuwa hanywi maji ya nyumbani. Alipenda kupenya kati ya mbao za uzio, hata lango likiwa na kufuli, akakinga mdomo wake kwenye pampu ya zizini, maji yakimpiga usoni, akicheka. Na asubuhi ile alikuwa ametapika.

"Kisima," alisema hatimaye. "Baba amechimba kisima hapo. Mwalimu, Mikel anakunywa. Mikel anakunywa maji yale kila siku!"

Kiti chake kilianguka nyuma yake bila yeye kusikia. Mwalimu Pruett alimshika mkono, wakakimbia ofisini kwenye simu. Simu ya nyumbani kwa Idoya iliita, ikaita, ikakatika. Wakapiga tena.

"Bibi hasikii vizuri," Idoya alisema akilia. "Na baba yuko malishoni juu na farasi. Nani atapokea?"

"Mpigieni babu yangu." Lorna alikuwa amesimama mlangoni. "Yeye yuko jirani. Sisi tutachukua muda, yeye atafika sasa hivi."

Idoya aligeuka akamtazama. Aliona aibu hata akatamani sakafu ipasuke. Mwalimu alikuwa ameshapiga namba. Mzee Stroud alipokea, akasikiliza, akasema neno moja tu, "Nakwenda," simu ikakatwa.

Mwalimu Pruett aliwaachia wenzake darasa, akawapakia wasichana wawili kwenye gari lake. Barabara ya changarawe ilipita katikati ya vichaka vya kijivu na miti ya mireteni, vumbi likiwafuata kama moshi. Idoya alikaa ameshika magoti, na Lorna kando yake akitazama mbele. Walipofika mlimani gari likaanza kurukaruka, Lorna akamshika mkono, wala hakuuachia.

Pikapu ya Mzee Stroud ilikuwa uani, mlango wazi, injini ikinguruma. Mzee mwenyewe alikuwa akitoka nyumbani akiwa amembeba Mikel aliyefungwa blanketi. Kichwa cha mtoto kilining'inia begani kwake. Bibi Kattalin, aliyekuwa amechelewa kusikia hodi, alimfuata akijishika kifua.

Wakati huohuo farasi alitokea mteremkoni kwa kasi. Juu yake alikuwa Bwana Arrien. Alikuwa ameliona vumbi kutoka juu, akaitambua pikapu, na sasa alimwona adui yake amebeba mwanawe. Aliruka chini kabla farasi hajasimama.

"Stroud! Mweke mtoto wangu chini! Mweke chini, nakwambia!"

Mzee Stroud hakusimama. "Fungua mlango ule wa upande, Martin," alisema.

"Umemfanya nini mwanangu?" Bwana Arrien alimkamata mzee ukosi wa shati.

Idoya alijitupa nje ya gari, akakimbia akajiweka katikati yao. "Baba, mwachie! Ni maji, baba! Ni kisima!"

"Kisima gani?"

"Kisima chako! Pana sumu chini yake. Ni ya zamani, iko kwenye ramani. Hakuna aliyeileta. Imekuwa hapo siku zote!"

Bwana Arrien alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu aliyeitikia kwa kichwa, akamtazama Mikel aliyekuwa na midomo myeupe kama karatasi. Mkono wake ulilegea kwenye ukosi wa mzee. Akaufungua mlango wa pikapu.

"Mtoto kwanza," Mzee Stroud alisema kwa upole. "Mengine baadaye. Panda, mwanangu."

Wakaondoka wote wawili, begani kwa bega, mtoto akiwa mapajani mwa baba yake, kwenda hospitali ya mjini, na mwalimu akawafuata pamoja na wasichana.

Mikel alilazwa zaidi ya wiki mbili. Alichomwa sindano nyingi za kuitoa sumu mwilini, na siku za kwanza hakuna daktari aliyethubutu kuwaahidi chochote wazazi wake. Idoya na wengine wote wa nyumbani walipimwa pia, wakakutwa salama, kwa sababu wao walikunywa maji ya kisima kingine cha juu, kilicho karibu na nyumba. Siku Mikel alipoketi kitandani na kudai mkate wenye jemu, mama yake alicheka na kulia kwa pamoja. Daktari alisema, "Mngechelewa siku chache tu, tungezungumza mengine."

Majibu ya maabara yalikuja. Aseniki ilikuwa kwenye ini la ndama, kwenye maji na kwenye udongo. Wataalamu wa afya walifukua kando ya birika, na futi chache chini wakakuta kuta za saruji na mbao zilizooza: handaki refu ambamo maelfu ya kondoo waliogeshwa na kampuni iliyomiliki ardhi ile kabla ya babu yake Idoya kuinunua. Wenye kampuni walipoondoka walilifukia, nao hawakumwambia mtu. Kisima kilizibwa, uwanda ukazungushiwa uzio wenye alama za hatari, na ndama waliobaki wakahamishiwa malisho ya juu. Maji yao yaliletwa kwa bomba kutoka kwa Mzee Stroud.

Siku walipolaza bomba hilo, Bwana Arrien alisimamisha koleo lake.

"Mzee, siku ile nilikuona uzioni."

"Ndiyo. Ndama wako alikuwa amenasa shingo kwenye waya. Nilikuwa nikimtoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja unapiga kelele, Martin," mzee alijibu akiendelea kuchimba. "Ningelisema saa ngapi?"

Bwana Arrien alivua kofia, akaomba radhi, na mzee akampa mkono. Lakini jambo halikuishia hapo. Usiku ule Idoya alimsimulia baba yake yote aliyomwambia Lorna darasani, hata neno la mtia sumu. Alidhani atapigiwa kelele. Baba alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimeshamwomba radhi, baba. Nilimwomba palepale hospitalini."

"Ulimwomba mkiwa wangapi?"

"Wawili."

"Na ulipomtukana mlikuwa wangapi?"

"Darasa zima," Idoya alisema.

Asubuhi Idoya hakupanda basi. Baba alimpeleka mwenyewe, akaingia naye darasani akiwa ameshika kofia. Wanafunzi walishangaa, maana Bwana Arrien hakuwahi kukanyaga shuleni hata siku za mikutano ya wazazi. Idoya alisimama mbele.

"Lorna, nilikuita mjukuu wa mtia sumu, na hao wote walisikia," alisema. "Nilisema uongo. Sikuwa najua lolote. Babu yako ndiye aliyemwokoa mdogo wangu, na wewe ndiye uliyeisoma ramani mimi nikiwa naipapasa tu. Nisamehe."

Lorna alijikuna kichwa. "Nimekusamehe. Ila siku ya jaribio la jiografia usiniangalizie."

Darasa zima likacheka, hata mwalimu. Kisha Bwana Arrien akasogea mbele, kicheko kikaisha.

"Maneno yale hakuyatunga yeye," alisema. "Aliyapata mezani kwangu, na mimi ndiye niliyepaswa kukuomba radhi kabla yake, Lorna. Daktari aliniambia chunguza maji. Sikuchunguza, kwa sababu nilikuwa nimeshampata wa kumlaumu. Nililinda lango kwa bunduki usiku na mchana, sumu ikiwa chini ya viatu vyangu, na mwanangu akiinywa nyuma ya mgongo wangu. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakitafuta kwenye nguo za jirani." Alimeza mate. "Ninyi ni watoto, mtakuwa na mifugo yenu na watoto wenu. Likiwapata jambo, msianze kuuliza nani. Anzeni kuuliza nini, na mtafute kwa makini mpaka mpate. Mkianza na nani, mtapata mtu wa kumchukia, na jambo lenyewe litaendelea kuua."

Alivaa kofia yake akatoka. Mwalimu Pruett alitandaza ile ramani ya manjano juu ya meza kubwa, akaweka kioo cha kukuzia na uzi pembeni.

"Njooni," alisema. "Kila mmoja aitafute nyumba yao. Polepole."

Wakaizunguka meza. Dwight, aliyekuwa na mzaha kuliko wote, ndiye aliyeinama wa kwanza, na kidole chake kilitembea juu ya mistari ya kahawia polepole sana, bila kuruka hata mmoja.